Stelingi, bastola na ng'ombe

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Marekani ya magharibi ilikuwa kweli kama tunavyoiona kwenye filamu za kauboi. Kofia, farasi na bastola vilikuwepo. Kilichofichwa ni kazi yenyewe: kauboi aliajiriwa kuswaga ng'ombe, si kupiga watu risasi.

Nianze na bastola, maana hapo ndipo tunapodanganywa zaidi. Ile ya kiunoni kwa stelingi mara nyingi ni Colt ya mwaka 1873. Ina matundu sita, lakini mwenye kujali maisha yake alitia risasi tano na kuliacha tupu tundu lililo chini ya nyundo, kile chuma kinachogonga risasi ili ilipuke. Bastola ikianguka, nyundo ikagongwa, risasi iliyokaa hapo ingemtoboa mguu mwenyewe. Kabla ya kila mlio ilibidi airudishe nyundo nyuma kwanza. Na baruti ya enzi zile ilitoa moshi mzito mweupe. Wakipigana ndani ya baa, baada ya risasi chache hawaonani.

Pambano maarufu la Tombstone, Arizona, la tarehe 26 Oktoba 1881, lilichukua sekunde 30 hivi. Zilipigwa risasi zipatazo 30, watu wakiwa hatua chache tu kutoka walipo maadui zao, na nyingi zilikwenda kombo. Watatu walikufa. Chanzo chake utakipenda: mji ulikuwa umepiga marufuku kutembea na silaha, na mkuu wa polisi, Virgil Earp, alikwenda kuwanyang'anya waliokaidi. Dodge City, mji wa Kansas, nao ulikuwa na marufuku hiyo.

Sasa kazi. Kundi la ng'ombe 2,000 hadi 3,000 lilitoka Texas hadi reli ya Kansas likiswagwa na watu kumi na kidogo, kilomita 16 hadi 24 kwa siku. Ukiwakimbiza wanakonda, na bei inashuka. Ujira ulikuwa dola 30 hadi 40 kwa mwezi. Usiku walipokezana zamu kulizunguka kundi, wakiimba polepole ili ng'ombe wasishtuke. Radi ikipiga, kundi zima linakurupuka gizani. Hapo hakuna kusimama mbele yao: unakimbiza farasi mpaka ubavuni mwa wale wa mwanzo, unawasukuma wapinde upande mmoja, wapinde tena, hadi kundi lijizungushe lenyewe na kuchoka. Farasi akitumbukiza mguu kwenye shimo la mnyama, mpandaji anaangukia njia ya kwato.

Mito iliua vilevile. Ng'ombe wakigeuka katikati ya maji wanaanza kuzunguka na kukanyagana, na wachungaji wengi hawakujua kuogelea. Hata kisigino kirefu cha buti kina kazi yake: kinazuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, maana aliyeanguka mguu ukiwa umenasa huburutwa hadi afe.

Jambo linaloniuma zaidi ni nyuso zilizofutwa. Wanahistoria hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi, na ufundi wa kutupa kamba ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko. Mtafute Bass Reeves: alizaliwa mtumwa, na kuanzia mwaka 1875 akawa afisa wa sheria wa serikali kuu, akiwasaka wahalifu katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Anza naye.

Baba yako