Ile printi si fotokopi

Mhariri,

Mimi ni fundi wa fremu hapa Ngara, na kurasa zenu za sanaa za wikendi huwa nazisoma kwa sababu wateja wangu wengine ndo hao mnaandika. Sasa kuna kitu kinanisumbua. Kila picha ikiwa na maua ama majani nyinyi mnaiita "mchoro" hata kama imepigwa chapa, na siku mkikumbuka kutofautisha mnaandika "nakala". Hiyo nakala ndo imeniletea shida dukani.

Juzi kuna dada msanii aliniletea printi ya jani la mukinduri, hiyo miti imejaa Nairobi mpaka hakuna mtu huiangalia (2020 tulipiga kelele wote juu ya mugumo wa Waiyaki Way usikatwe na ukaachwa, lakini mukinduri ikiangushwa mtaani hakuna hata wa kugeuka, na wasanii nao wengi ni jakaranda tu, mti wa kutoka Amerika Kusini). Basi nikaenda kununua vioo, kurudi napata kijana wangu wa kazi ameshakata kingo zote nyeupe ili itoshee fremu tuliyokuwa nayo, na kwa hizo kingo ndo kulikuwa na 4/12, yaani ya nne kati ya kumi na mbili, na sahihi ya penseli. Kumuuliza, ananijibu, "Lakini mzee si ni kopi tu, atatoa ingine."

Dada alipokuja hakupiga kelele. Alikaa kwa kistuli akamwelezea kijana polepole vile aliitengeneza, mimi nasikiliza huku najifanya napima mbao.

Kwanza karatasi inapakwa dawa yenye chumvi za chuma, inakauka gizani, halafu anapanga majani juu anaitoa kwa jua. Pale jua limepiga, ikioshwa na maji panabaki buluu, na pale jani lilifunika panabaki peupe. Naskia ni njia ya Uingereza ya 1842, na mwaka uliofuata mama mmoja anaitwa Anna Atkins akaanza kutoa kitabu cha mwani kwa hiyo hiyo buluu. Lakini sisi mwezi wa saba hapa Nairobi ni mawingu na baridi tu, anasema kuna karatasi zilimtokea rangi ya maji ya kunawa akatupa.

Hapo jani lenyewe bado. Anachukua jani halisi, analibandika kwa kadibodi, anapaka vanishi lisinyonye, anasugua wino uingie kwa mishipa, anapangusa ule wa juu na kitambaa, halafu karatasi ikiwa na unyevu inalazwa juu yake vyote vinapitishwa kwa mashine ya rola. Kama hujawahi kuiona fikiria ile ya kukamua miwa pale barabarani, ya kuzungusha na mkono, sasa weka blanketi nzito badala ya muwa. Karatasi inakandamizwa mpaka inaenda kufuata wino ndani ya mishipa. Ndo maana ukipitisha kidole pembeni unasikia kijitaro pale kadibodi iliishia, na siku hizi mtu akiniletea kitu hapo ndo naanzia, kwa sababu kwa fotokopi kidole hakisikii kitu.

Mbegu nazo amezichonga kwa lino, ile shiti laini ya kuchonga, kinyume, kwa sababu ukichapa kila kitu hutoka kimegeuka. Sasa hizo rangi zote lazima ziangukiane, mbegu zikisonga hata milimita mbili zinaelea hewani na kazi ya siku tatu imeenda. Alianza na karatasi 20 zikapona 12. Na hata angetaka ya 13 hapati, lile jani kwa kadibodi limechoka, mishipa imelala haishiki wino tena, na hizo 12 zenyewe hakuna mbili buluu yake inafanana kwa sababu jua la Jumatatu si la Jumanne. Kijana alipofika kusikia hapo akainama akaanza kuokota vipande vya zile kingo sakafuni.

Pesa tulilipa, nisiseme ngapi, mama watoto husoma hili gazeti.

Ombi langu Mhariri ni mstari mmoja chini ya picha. Andikeni ni printi, imetengenezwa na nini na ziko ngapi, kwa sababu hata mteja akisikia elfu kumi na mbili anacheka ati karatasi, na yeye amesoma kwenu kwamba ni nakala.

Hiyo iliyokatwa dada alikataa kuichukua, iko hapa ukutani na fremu kijana ndo aliitengeneza mwenyewe. Zile kingo na ile 4/12 amezibandika nyuma na selotepu, na selotepu huharibu karatasi, lakini hiyo nitamwambia Jumatatu.

Fundi wa fremu,
Ngara, Nairobi