Kaka, ile jioni ya Stars na Uganda

Shikamoo kaka. Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unauliza habari za watoto kisha unampa shemeji aongee.

Nazungumzia Machi 24, 2019, arobaini ya Baba. Dua imekwisha, pilau imeliwa, masufuria yanasuguliwa uani. Wewe ukaenda msikitini, mimi nikateremka kibanda umiza kuangalia Taifa Stars na Uganda, na kanzu yangu vilevile. Nilikuja kwa ajili ya dua, ratiba ya mechi sikuipanga mimi.

Mwanza nina marafiki wazuri, ila wananiita Mmachinga huku wakicheka, na mimi nacheka nao. Pale Mikindani hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Mzee mmoja alisogea kwenye benchi, akanimiminia korosho kiganjani. "Mtoto wa marehemu, kaa." Msuva alipofunga la kwanza mabati yalitetemeka, kaka! Watu ambao hela yao ya korosho za msimu ule ilikuwa bado haijaingia walikumbatiana kama waliolipwa jana. Hatukuwa tumecheza fainali za Afrika tangu Lagos, 1980. Nikamkumbuka Baba na redio yake, na goli la Peter Tino kule Zambia lililotupeleka Lagos, alilotusimulia mpaka tukalichoka. Nililia, ndiyo. Nilikuwa kwetu, na nchi ilikuwa yangu.

Kipindi cha pili Erasto Nyoni anaweka mpira penalti, watu wameshika vichwa, wewe unatokea mlangoni umetoka kuswali Magharibi. "Kumzika Baba hukuja. Mpira ndio umekuleta." Hukunong'ona. Nyoni akafunga, na benchi letu likachelewa kushangilia. Yule mzee akainamia korosho zake.

Baba alifariki alfajiri, akazikwa baada ya Alasiri. Kutoka Mwanza ningepanda basi gani? Hela ya sanda ilifika kabla hajaoshwa, shemeji ni shahidi. Najua wewe ndiye uliyekuwa ukimgeuza kitandani usiku, na nalisema hadharani: hakuna aliyemtunza Baba kama wewe. Lakini kaka, mkubwa akiwa na neno na mdogo wake humwita chumbani. Nyumba ile ina vyumba, ina ua, ina baraza. Siku nyingine ukikasirika na mtu, hata kama si mimi, meza mate kwanza. Mimi niliyameza. Ningeweza kukujibu palepale, maana mdomo ninao na unajua nimeurithi kwa nani, nikanyanyuka nikakufuata kimya. Sijui wangapi wangefanya hivyo.

Halafu usibishe: tulipokuwa njiani, wewe mbele mimi nyuma, Aggrey Morris akafunga la tatu. Mji mzima ukapiga ukelele. Ulisimama. Ulimuuliza mtoto wa jirani, "Nani kafunga?"

Kwa hiyo na wewe mpira ulikuwa umekuleta, au siyo?

Basi. Fainali za 2027 zinakuja kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Nauli na tiketi yako ni juu yangu, shemeji nimeshamwambia. Uwanja wa Taifa siku hizi una jina la Mkapa, mtu wa Lupaso, Masasi, Mtwara yetu hiihii, kwa hiyo usiseme Dar si kwenu. Tutafikia kwa shangazi. Ukiwa na la kunisema, nisemee huko huko kwa shangazi, mlango umefungwa, kabla hatujaenda uwanjani.