Kubatilishwa kwa hukumu si ushindi wa jirani

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa ukurasa wenu wa sheria tangu nikiwa kazini, na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Makala ya wakili wenu ya wiki mbili zilizopita, ile ya shamba la mama mmoja na maoni ya wazee wa baraza, yaani wale wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza shauri la ardhi, ilipewa kichwa kinachosema mrufani, yaani aliyekata rufaa, "ashinda". Hakushinda. Wakili mwenyewe anajua hivyo, maana huko chini ameandika kwamba mwenendo, yaani yote yaliyosikilizwa na kuandikwa katika shauri, na hukumu vilibatilishwa na shauri likaamriwa lianze upya. Wangapi kijijini wanafika huko chini?

Nasema hivi kwa kuwa yamenikuta. Mwaka 2014 nilifungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya yetu. Jirani alikuwa amevuka mpaka wa minyaa kwa hatua kumi na nane. Shahidi wangu mkubwa alikuwa mzee aliyeipanda minyaa ile kwa mikono yake, pamoja na marehemu baba mkwe wangu. Alitoa ushahidi akiwa amekaa kwa sababu ya miguu, akawataja kwa majina watu wote waliokuwapo siku ile. 2018 nikapewa haki yangu, nikakabidhiwa ule ukanda, nikapanda migomba. Jirani akakata rufaa ndani ya siku 45 kama sheria inavyomruhusu. Mahakama Kuu haikugusa habari za mpaka. Ilikuta kwamba wazee wawili walikaa na mwenyekiti tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kwenye kumbukumbu hapakuandikwa popote kwamba maoni yao yalisomwa mbele yetu. Basi, vyote vikafutwa. Tukaambiwa turudi kuanza upya kwa mwenyekiti mwingine na wazee wengine, kila mtu abebe gharama zake.

Sheria hiyo siipingi. Kanuni ya 19 ya kanuni za mabaraza haya za 2003 inataka wazee watoe maoni yao kwa maandishi, na Mahakama ya Rufani katika ile rufaa ya Mbeya, Na. 287 ya 2017, ikaeleza kwamba yasomwe wadaawa, yaani pande zote mbili za shauri, wakiwapo, ili wajue wazee wamesema nini kabla hukumu haijaandikwa. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo, ila akiyakataa lazima atoe sababu. Hiyo ni kinga yangu mimi mwananchi, naiheshimu.

Nisichoweza kukubali ni wakili kufunga makala kwa kuandika kuwa haki imetendeka. Imetendeka kwa nani? Yule mzee wa minyaa alifariki miezi mitano kabla shauri halijaanza kusikilizwa tena. Mwenendo ukibatilishwa, ushahidi uliotolewa humo nao unakwenda, kwa hiyo alizikwa na maneno yake. Kosa halikuwa langu, halikuwa la jirani, lilikuwa la waliotusikiliza, lakini waliolilipia ni sisi wawili. Na hata kabla hatujarudi barazani, jirani alikuja alfajiri na vijana watatu wenye mapanga, wakafyeka migomba yote, wakang'oa minyaa mpaka mizizi. Nikakimbilia kwa mtendaji wa kijiji. Akanijibu, "Mwalimu, mwenzako ameshinda Mahakama Kuu, mimi nitamzuiaje?" Hukumu ya kumpa jirani ile ardhi haikuwapo popote duniani! Mezani kwake palikuwa na nakala ya Kiingereza, kurasa tisa, na tafsiri yake alikuwa ameipata kwa kijana mmoja anayekaa nje ya geti la baraza na kompyuta yake. Kwa neno hilo moja, "ameshinda", alama ya mpaka iliyodumu kuliko umri wa wanangu ilitoweka asubuhi moja. Shauri liliposikilizwa upya nilibaki na maneno yangu dhidi ya maneno ya jirani, nikashindwa.

Hao vishoka, watu wanaofanya kazi ya uwakili bila kuwa mawakili, nao mngewaandikia makala. Wapo nje ya kila geti, wanatoza 30,000 kwa waraka wa ukurasa mmoja, na waraka ukitupwa kwa pingamizi la awali, yaani kasoro ya kisheria kabla shauri halijasikilizwa, aliyekuandikia humwoni tena. Wanaishi kwa Kiingereza cha hukumu. Sheria ilibadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na hata kabla ya hapo Jaji Zephrine Galeba alikwisha kuandika uamuzi kwa Kiswahili kule Musoma, katika shauri la mgodi wa dhahabu. Rais Magufuli alimsifu hadharani Siku ya Sheria, Februari 1, 2021. Kama shauri la mgodi liliandikika kwa Kiswahili, la migomba yangu lingeandikika pia.

Ninachoomba ni hiki. Kila makala ya hukumu iwe na kisanduku chini, mistari minne, herufi nene: hukumu ya kwanza bado ipo au haipo, nani amepewa ardhi leo, na kama hakuna, iandikwe "hakuna", hatua inayofuata inafunguliwa wapi, zimebaki siku ngapi. Mstari wa kuomba zuio la muda, yaani amri ya kutogusa ardhi mpaka shauri liishe, uongezwe pale shauri linapoanza upya, kwa maana mimi hakuna aliyeniambia kwamba zuio linaombwa. Nafasi ikikosekana, iondoeni ile picha ya mizani inayokula robo ya ukurasa kila wiki.

Na kichwa cha ile makala kisahihishwe Jumatano hii, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Mama wa shamba lile naye ana jirani, na jirani huyo ana gazeti lenu mkononi.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro