Barua ya wazi kwa afisa wa mazingira: tuwekee vigingi vya mpaka wa mita 60

Ndugu Afisa,

Salamu kutoka kwetu, watu wa kujitolea kwenye kijito kinachomwaga maji yake kwenye mto Ruaha Mkuu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu tulizoleta ofisini kwako ziligongwa mhuri zikaishia hapo. Ulituahidi vigingi vya kuonyesha mita 60 za kando ya kijito zisizolimwa, kabla ya kipupwe. Kipupwe kimefika, na Jumamosi moto wa kusafishia vinyungu, yaani bustani za bondeni, umeteketeza matete na miche ya mivengi, miti ya kando ya maji tuliyoipanda.

Mche uliopandwa Desemba hufa Agosti usipotunzwa. Kila mche huchimbiwa kisahani cha nusu mita na kuwekewa matandazo yasiyogusa shina. Yakigusa, mchwa hupanda na kutafuna gome. Maji humwagwa asubuhi jua likishatoka, maana ya jioni yakilala kwenye majani, baridi ya Julai huyababua. Palipo mbali na maji tunasimika chupa ya lita moja na nusu kichwa chini, kitako kimekatwa, kizibo kimetobolewa kwa sindano ya moto.

Barabara ya moto, ukanda wa kuuzuia moto usivuke, tuliifyeka Mei, nyasi zikiwa bado mbichi, upana mita sita, tukakwangua hadi udongo ukaonekana na kuondoa nyasi zote, kwa kuwa zikibaki pale hugeuka utambi. Haikusaidia kitu. Moto ulianzia kati ya barabara hiyo na maji, kwenye kinyungu kilichochimbwa hatua kumi tu kutoka majini.

Kwenye matete hayo walikuwa wakilala fisi maji. Kuna jiwe moja wanalorudia kujisaidia, kinyesi kimejaa vipande vya magamba ya kaa. Leo jiwe limezungukwa na majivu, na juu yake hakuna kinyesi kipya. Mvua ya kwanza itayakokota majivu hayo hadi kwenye maji tunayokunywa.

Hatuwalaumu wakulima peke yao. Kiangazi maji yanaposhuka, kila mtu hupima kuanzia ukingo anaouona siku hiyo, kwa hiyo shamba hufuata maji kila mwaka. Mitaro kati ya matuta nayo huinyonya tindiga, ile ardhi ya majimaji, na tunaamini ndiyo sababu kijito kinakatika Oktoba. Tena Ruaha Mkuu wenyewe, tangu 1993, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi. Ihefu, ardhi oevu ya mto huo, iliingizwa hifadhini mwaka 2008, lakini maji ya mto ule yanatoka kwenye vijito kama hiki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Unaijua kuliko sisi, na uliisoma mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Mita zisizoonekana ardhini hazimzuii mtu mwenye jembe.

Tunaomba vigingi. Vya zege, kila baada ya mita 50, pande zote mbili, vipimwe kutoka alama ya maji ya masika na siyo ya kiangazi. Mashimo tutachimba wenyewe, mchanga na kokoto tutasomba. Tunachokosa ni mpimaji wako, mwenye mamlaka ya kusimama mbele ya wanakijiji na kusema mpaka ni hapa. Mlete kabla mvua za Novemba hazijaanza, Ndugu Afisa. Vigingi tu.

Wako katika kazi,
Watu wa kujitolea, kando ya kijito