Barua ya Wazi kwa Wanangu Wanaokuja Kuhesabiwa Moshi

Wanangu, wajukuu zangu, na nyinyi wakwe zetu mliokubali kuingia katika ukoo unaofunga safari kila Desemba, nawasalimu nyote kwa upendo.

Msimu wa kuja kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani Moshi mwisho wa mwaka, umekaribia, na katika kundi letu la simu naona maandalizi yameshaanza, ila mwaka huu hakuna aliyeuliza nani atabeba chapati wala nani atampakia shangazi yenu wa Kimara. Mabishano yote ni ya vifaa: kishikio cha simu kipi ni imara, pawabenki ipi inadumu mpaka Same, kamera ipi ibandikwe kwenye kioo cha mbele. Mimi si adui wa vifaa, na miwani ninayoandikia barua hii ni ushahidi. Lakini nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu, na ninalo ombi moja: katika kila gari awepo msoma ramani, awe mtu mwenye pumzi, na asiwe dereva.

Najua mtanijibu kwamba simu inajua kila kitu. Inajua mengi, nakubali. Husikiliza mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 na ushee juu yetu, na ikizipata nne kwa uchache inapiga hesabu ya mahali ilipo, bila kuhitaji bando hata la shilingi mia. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi wanayotumia raia, hivyo kosa la mita 100 halikuwa jambo la ajabu. Leo kifaa hicho hicho kinawaonyesha kama mko upande huu wa barabara au ule. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani yenyewe, na mtandao hukatika palepale mnapouhitaji. Kwa hiyo pakueni ramani ya njia nzima mkiwa bado nyumbani, usiku wa kuamkia safari, wala msingoje mpaka mko porini na kioo kinaonyesha nukta ya buluu juu ya karatasi tupu.

Ramani ya karatasi haina shida hiyo, na ina jambo jingine. Likizo iliyopita mjukuu wangu mmoja, wa darasa la nne, alitandaza ramani yangu ya Tanzania sakafuni, ile ambayo sentimita moja ni kilomita 20, akachukua uzi wa kushonea wa bibi yake na kuulaza juu ya barabara kutoka Dar es Salaam: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, hadi Moshi. Kila kona alikuwa akiubana uzi kwa ukucha ili usiteleze, ulimi ukiwa nje kwa bidii. Kisha akaunyoosha kwenye rula, akapata sentimita 27 na kidogo, akazidisha, akanyamaza, halafu akauliza kwa nini baba yake husema Moshi ni hapo tu. Sikumjibu, kwa kuwa baba yake alikuwa akisikiliza. Mtoto wa namna hiyo ndiye ninayemtaka akae na ramani magotini, hata akiwa kiti cha nyuma. Ataitangaza Segera kabla haijafika, ataeleza kwamba kulia ni Muheza na Tanga na kushoto ni kwetu, na hatapata nafasi ya kuuliza kila dakika kumi kama tumefika.

Jambo la pili ni utii uliopita kiasi. Yupo kijana wetu mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu ya mama yake, ambaye simu ilimwambia akate kushoto maeneo ya Korogwe ili aokoe dakika tisa. Akakata. Aliokolewa yeye, baada ya muda mrefu, na walinzi wa shamba la mkonge waliokuwa wakicheka waziwazi. Simu inaona mstari. Haioni kama mstari huo ni barabara ya lami au njia ya trekta. Wala saa ya kufika inayowaandikia msiichukulie kama ahadi, maana hesabu zake zinaweza kupunja foleni ya malori na vibao vya 50 vinavyofuatana kijiji hadi kijiji huku trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo akiwa kivulini, na ndani yake hakuna watoto wanaotaka kuchimba dawa kwa zamu, kamwe si kwa pamoja. Mkitilia shaka njia, simameni mumuulize mtu, mkianza na salamu kamili.

Kuhusu vishikwambi vya watoto, sipigi marufuku. Toka Chalinze hadi Segera waacheni waangalie katuni zao, na mimi ningekuwa hapo ningelala. Ila mkifika Mombo, mkishanunua matunda ya Lushoto, vizimwe. Kuanzia hapo mmekuwa na Usambara mkono wa kulia, kisha mnaipokea milima ya Upare, na kwa mbali kushoto mtaanza kuona nyika kavu, ambayo watoto wenu hawataielewa kwa picha. Mkibahatika kupita Mwanga asubuhi au jioni, mawingu yakiwa yametulia, Kilimanjaro wenyewe utakuwa mbele ya kioo.

Mwisho, kutoka lami hadi nyumbani kwangu zimeni hata simu. Mwaka jana ilitangaza kwamba mmewasili mkiwa katikati ya migomba ya jirani, naye bado ananikumbusha. Fuateni mfereji hadi dukani, kisha ulizeni kwa mwalimu.

Ramani nitaituma kwa basi, mtaipokea stendi ya Magufuli. Kabla ya tarehe 15 Desemba kila gari linipe jina la msoma ramani wake, na dereva asijipendekeze kwa kujiandika yeye.

Wenu,
Babu, Moshi