Barua ya wazi kwa Katibu wa Jimbo la Washington: kura 129 za mwaka 2004 na saini za wapigakura wetu

Kwa Mheshimiwa Steve Hobbs,
Katibu wa Jimbo la Washington,
Olympia.

Mheshimiwa Katibu,

Tunakuandikia kwa Kiswahili, tena hadharani, kwa sababu jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili: Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania waliopata uraia na sasa wanapiga kura huko Kent, Tukwila, SeaTac na Spokane. Ombi letu ni kwamba utaratibu wa kuhakiki saini kwenye bahasha ya kura ya posta uelezwe kwa lugha yao, na uelezwe mapema, kabla kura haijawekwa pembeni. Uzito wa ombi hili unaonekana vizuri kwenye uchaguzi ambao kila mtumishi wa ofisi yako anaufahamu, ule wa Novemba 2, 2004.

Siku ile wananchi wa Washington walichagua viongozi tisa wa serikali ya jimbo, kila mmoja kwa kura yake: gavana, naibu wake, katibu wa jimbo, mweka hazina, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria mkuu, kamishna wa ardhi za umma, msimamizi wa elimu na kamishna wa bima. Mzozo ulikuwa kwenye kiti cha gavana. Dino Rossi wa Republican alipata kura 1,371,414 na Christine Gregoire wa Democrat 1,371,153. Tofauti ilikuwa kura 261 katika jimbo lenye kaunti 39. Sheria iliamuru mashine zihesabu upya, na zilipomaliza Rossi alikuwa bado mbele, safari hii kwa kura 42.

Hapo chama cha Democrat kikaomba kura zote zihesabiwe kwa mkono. Anayeomba hutanguliza dhamana ya senti 25 kwa kila karatasi, kwa hiyo chama kililipa zaidi ya dola 700,000, fedha ambazo hurudishwa matokeo yakigeuka. Kuhesabu kwa mkono kuna faida moja kubwa. Mashine husoma kiduara kilichojazwa wino. Mpigakura aliyetia alama ya vema kando ya jina, au aliyezungushia jina mstari, mashine inaweza kumpita kana kwamba hakuchagua mtu, ilhali jicho la binadamu linaona alichokusudia. Ndiyo maana jumla ya kila mgombea ilipanda kila zilipohesabiwa upya. Wengi walidhani kura zinapikwa, kumbe nyingi zilikuwa karatasi zilezile zilizosomwa kwa makini zaidi.

Lakini kilichotikisa matokeo kuliko vyote kilikuwa saini. Katika Kaunti ya King kulikuwa na bahasha 573 za kura za posta zilizokataliwa kwa sababu saini ya mwenye kura haikuonekana kwenye kompyuta. Mwenye kura alikuwa ametia saini sawasawa. Tatizo ni kwamba saini yake ya uandikishaji haikuwa imeingizwa kwenye mfumo, na badala ya mtumishi kwenda kutafuta kadi ya karatasi, bahasha ikahesabiwa kuwa mbovu. Kosa hili liligunduliwa na Larry Phillips, mwenyekiti wa baraza la kaunti hiyo, alipopitia orodha ya kura zilizokataliwa mtaani kwake na kukuta jina lake mwenyewe. Zikapatikana nyingine, zikafika 735. Hakimu wa Kaunti ya Pierce alizuia zisihesabiwe. Desemba 22 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaruhusu. Gregoire, aliyekuwa akiongoza kwa kura 10 katika hesabu ya mkono, akamaliza na 1,373,361 dhidi ya 1,373,232 za Rossi. Kura 129. Mtangulizi wako Sam Reed, mtu wa Republican, aliidhinisha matokeo hayo Desemba 30, ingawa aliyeshindwa alikuwa wa chama chake. Tunaliheshimu sana jambo hilo.

Tunakuomba ulitazame tukio hili kwa macho ya mpigakura wa kawaida. Mwenyekiti wa baraza alikuwa na orodha mkononi, alijua maana yake, na alikuwa na simu ya kumpigia mkuu wa uchaguzi. Mama wa Kikongomani anayeishi Kent hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kesi iliyofuata, ya kupinga matokeo, ilisikilizwa Wenatchee, mbele ya Jaji John Bridges. Juni 6, 2005 alitamka kwamba kura 1,678 zilipigwa kinyume cha sheria, nyingi zikiwa za watu waliowahi kutiwa hatiani ambao haki yao ya kupiga kura ilikuwa haijarejeshwa. Hata hivyo alikataa kuzigawa kwa kukisia kwamba aliyekaa kwenye kituo fulani lazima alipiga kama majirani zake. Alitoa zile tu zilizothibitishwa zilikwenda kwa nani: nne za Rossi na moja ya Ruth Bennett wa Libertarian. Tofauti ikawa 133, na Rossi hakukata rufaa. Kasoro ile ya haki za waliofungwa imetibiwa kwa sheria. Tangu Januari 1, 2022 mtu akitoka gerezani haki yake inarudi hapohapo. Ya saini imetibiwa nusu.

Leo jimbo zima linapiga kura kwa posta. Karatasi hutumwa angalau siku 18 kabla ya uchaguzi, stempu imeshalipiwa, na sanduku la kura hufungwa saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Mpigakura hakutani na msimamizi yeyote. Kitambulisho chake ni saini iliyo nyuma ya bahasha, na kwa wapigakura wetu hapo ndipo mambo huharibika, kwa njia zinazojulikana.

Kwanza kuna saini ya kulinganishia. Wengi huandikishwa wanapochukua leseni ya udereva, na saini inayobaki kwenye daftari ni ile waliyoichora kwa kalamu ya plastiki kwenye kibao cha kielektroniki, wakiwa wamesimama, haraka haraka, herufi zimevunjika. Miaka miwili baadaye mtu huyohuyo anakaa mezani na kalamu ya wino, anaandika jina lote kwa utulivu kwa sababu anaona hili ni jambo la serikali. Saini mbili za mtu mmoja, na hazifanani.

Kuna majina pia. Sheria yenu inaruhusu tofauti ndogo, kama herufi za mwanzo au jina la utani, mradi jina la ukoo na mwandiko vionekane wazi kuwa ni vilevile. Kanuni hiyo inamtosha vizuri mtu mwenye jina moja la ukoo. Mkongomani mara nyingi ana jina lake, jina jingine la nyongeza na jina la ubatizo, na afisa wa uhamiaji ndiye aliyeamua lipi likae mahali pa ukoo. Akitia saini kwa jina analoitwa nyumbani, anayehakiki anaona ukoo umebadilika.

Halafu kuna nyumba yenye wapigakura wanne. Bahasha zinafika pamoja, zinajazwa kwenye meza moja, mume anatia saini kwenye bahasha ya mke. Kura mbili zinaweza kuwekwa pembeni. Au mzazi asiyejua kuandika anasainiwa na mwanawe, kwa nia njema kabisa, wakati sheria inamruhusu mzazi aweke alama yake mwenyewe mbele ya mashahidi wawili. Hilo la mashahidi wawili ndilo ambalo watu wetu hawalijui kabisa, na lingeokoa kura nyingi za wazee.

Saini ikikosekana au isipofanana, kaunti humwandikia mpigakura barua na fomu ya kurekebisha. Anatia saini, anairudisha kabla kaunti haijaidhinisha matokeo, siku 14 baada ya uchaguzi wa mchujo au 21 baada ya uchaguzi mkuu. Zikibaki siku tatu za kazi, kaunti inatakiwa ijaribu kumpigia simu. Utaratibu huu ni mzuri. Ila barua inapokuja katika lugha asiyoisoma, ataiweka na matangazo ya biashara, na simu ya namba ngeni inayozungumza Kiingereza cha haraka ataikata, kwa sababu matapeli wamemfundisha kukata.

Ripoti ya Mkaguzi wa Hesabu wa Jimbo ya Februari 2022 ilionesha kwamba katika uchaguzi mkuu wa 2020 kura za wapigakura weusi zilikataliwa mara nne zaidi ya za wazungu. Wakaguzi hawakuona ushahidi wa upendeleo kwa wanaohakiki. Tunalipokea hilo, na ndiyo maana hatumnyooshei kidole mtumishi yeyote. Tunazungumzia maelekezo yasiyomfikia mtu kwa wakati. Na asiseme mtu kwamba ni kura chache: katika mchujo wa Agosti 2024 wa kamishna wa ardhi za umma, Dave Upthegrove alishika nafasi ya pili, ya mwisho inayomwingiza mgombea kwenye uchaguzi mkuu, kwa kura 49 baada ya kuhesabiwa kwa mkono, na Novemba akashinda kiti.

Tunajua sheria ya shirikisho inalazimisha lugha za makundi machache tu na Kiswahili hakimo. Kisomali nacho hakimo, lakini Kaunti ya King ilikiongeza kwa uamuzi wake yenyewe. Kwa hiyo njia ipo.

Tunaomba kikaratasi kimoja cha Kiswahili ndani ya bahasha ya kura katika kaunti za King na Spokane, chenye maneno machache: tia saini kwenye bahasha yenye jina lako, saini ifanane na ya leseni yako, usiyejua kuandika weka alama mbele ya mashahidi wawili, ukipata barua yetu irudishe haraka. Tunaomba mstari wa Kiswahili juu kabisa ya barua ya saini, unaosema kura yako haijahesabiwa bado na unaweza kuirekebisha, pamoja na namba ya simu yenye mkalimani. Katika zile siku tatu za mwisho, mpigaji awe na mkalimani tayari kwenye laini. Na mafunzo ya wanaohakiki yaongezwe mifano ya majina ya Kikongomani na Kirundi, ili jina lililohama nafasi lisichukuliwe kuwa la mtu mwingine.

Wapo wakalimani wa mahakama na wa hospitali katika kaunti hizo wanaoweza kuyapitia maneno hayo kabla hayajachapishwa. Tunakuomba uagize kazi hiyo ianze kabla ya bahasha za uchaguzi mkuu ujao kupelekwa kiwandani, na utujibu hadharani kama tulivyokuandikia.

Wako kwa heshima,
Wapigakura wazungumzaji wa Kiswahili, Jimbo la Washington