Risala ya Akina Mama Tuliougua Saratani na Wauguzaji Wetu kwa Mgeni Rasmi, Makorora, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Waheshimiwa viongozi wa dini na wa mtaa,
Madaktari na wauguzi mliofika, wazazi wetu, ndugu wagonjwa,

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Karibu sana Makorora. Kikundi chetu ni cha wanawake tuliougua saratani na ndugu wanaotuuguza. Tunachangiana nauli ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, tunapikiana, tunazikana. Habari za mfuko wetu utazikuta kwenye taarifa ya mweka hazina. Risala hii tumeiweka kwa jambo moja: dawa zinazolenga saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, na njia ya mwanamke wa Tanga kuzifikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugonjwa huu huanza na mambo madogo. Tumbo kujaa, kushiba kwa matonge mawili, haja ndogo kila mara. Dada yetu mmoja alitibiwa gesi na vidonda vya tumbo miezi mingi kabla hajapigwa utrasaundi. Wengine tuliamini kwamba tukishapimwa mlango wa kizazi tumemaliza, na kwamba chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, wanayochomwa binti zetu inakinga kote. Chanjo hiyo na kipimo hicho ni vya mlango wa kizazi, na tunawahimiza wenzetu wasivikose, lakini ovari havizigusi.

Tiba yetu ya siku zote ni upasuaji na dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, na hiyo bado ndiyo nguzo. Kilichoongezeka ni dawa kama olaparibu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwishoni mwa mwaka 2014. Daktari alitueleza hivi, nasi watu wa pwani tukamwelewa upesi: seli ni kama mashua inayovuja, yenye mabaharia wawili wa kufua maji. Mmoja ni jeni za BRCA, wa pili ni protini iitwayo PARP. Wote kazi yao ni kurekebisha vinasaba vilivyoharibika. Kwenye baadhi ya saratani za ovari, BRCA imeshakufa. Dawa inamfunga mikono yule wa pili, na seli ya saratani inazama. Seli nzima zina BRCA inayofanya kazi, kwa hiyo nyingi zinasalimika.

Matokeo yametupa moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake wenye hitilafu ya BRCA ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na kemo ikawakubali. Baada ya miaka 3, katika kila 100 waliopewa olaparibu, takriban 60 walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, 27. Mheshimiwa, nyuma ya tarakimu hizo kuna mama aliyewahi harusi ya mwanawe.

Ipo pia bevasizumabu, ya dripu, inayozuia uvimbe kujitengenezea mishipa ya damu. Hiyo hupandisha presha, kwa hiyo inataka uangalizi wa karibu.

Sasa ombi letu. Olaparibu haimfai kila mgonjwa kwa kiwango kimoja. Bila kipimo cha jeni, familia inaweza kuuza shamba kwa dawa isiyomsaidia mtu wao. Tunaomba kila mwanamke wa mkoa huu anayegundulika na saratani ya ovari aelezwe kipimo cha BRCA mapema, na kinyama kilichotolewa kwenye upasuaji kitunzwe vizuri kwa ajili hiyo. Majibu yakionyesha kwamba hitilafu ni ya kurithi, dada zake na watoto wake waitwe washauriwe. Tafadhali waulizeni wagonjwa na habari za shangazi zao. Baba naye hurithisha hitilafu hii, wa kike na wa kiume, na kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuipata. Lakini mara nyingi sisi huulizwa upande wa mama tu.

Jambo jingine ni safari. Olaparibu ni vidonge vya kumeza nyumbani, asubuhi na jioni. Huleta kichefuchefu, uchovu na upungufu wa damu, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Tunaomba vipimo hivyo vifanyike hapa hospitali ya mkoa ya Bombo, kwa mawasiliano na daktari bingwa wa Dar es Salaam, ili mgonjwa mwenye damu pungufu asikae kwenye basi zaidi ya kilomita 300 kwenda kutolewa damu ya kichupa kimoja.

Na bei, Mheshimiwa, mchuuzi wa samaki wa hapa Tanga, pale Deep Sea, haiwezi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita mwaka 2023. Pale orodha ya dawa inapojadiliwa, tusemee.

Tunaomba kuwasilisha.